Umebadilisha kadi na gemu bado inakwama? Kagua haya kabla ya kuirudisha Kariakoo

Kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu kwenye kompyuta, imepanda basi Dar jioni, asubuhi iko stendi Mbeya, mchana fundi ameifunga, na usiku gemu inacheza vibaya kuliko ilivyokuwa na kadi ya zamani. Wazo la kwanza la wengi ni kwamba muuzaji amewapiga. Inawezekana, na namna ya kumbaini iko huko chini. Mara nyingi, hata hivyo, kadi ni nzima. Kosa liko kwenye kebo, sloti (tundu la kadi), RAM (kumbukumbu ya muda), draiva (programu inayoiendesha kadi), joto au umeme, yaani mambo unayoweza kuyamaliza mezani kwako bila kulipia mzigo mwingine wa zaidi ya kilomita 800 kurudi Kariakoo, ambako jibu la muuzaji linajulikana: "Mbona huku inafanya kazi vizuri?"

Sharti ni moja: usinunue kifaa cha pili kabla hujasoma namba. Watu huongeza RAM, gemu ikakataa, wakabadilisha pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), ikakataa tena, kumbe kebo ya monita imechomekwa pabaya.

Soma namba kwanza

Tenganisha mambo mawili ambayo wachezaji huyaita "kukwama" kwa pamoja. Kama mpinzani anaruka-ruka, risasi zinachelewa, lakini FPS (idadi ya picha kwa sekunde) inasoma 90 na haitikisiki, hiyo ni intaneti. Gemu nyingi zenye seva barani Afrika zimeziweka Afrika Kusini, na nyingine zinakupeleka Ulaya. Hakuna kadi inayofupisha safari hiyo. Mwongozo huu ni wa tatizo la pili: FPS yenyewe iko chini, au iko juu lakini picha inashtuka-shtuka.

Pakua programu ya MSI Afterburner pamoja na RivaTuner inayokuja nayo. Ruhusu vitu hivi vionekane kwenye kona ya skrini: FPS, muda wa kila fremu, matumizi ya kadi kwa asilimia, masafa ya kadi (mwendo wake) kwa MHz, joto la kadi, kumbukumbu ya kadi iliyotumika, na matumizi ya kila kiini (core) cha prosesa kivyake. Hilo la mwisho usiliruke. Task Manager ikikuonyesha prosesa nzima iko asilimia 30 utadhani imepumzika, kumbe kwenye prosesa ya viini 4 kimoja kimefika 100 na ndicho gemu inachokitegemea.

Cheza sehemu ile ile ya gemu kwa dakika 10 hadi 15. Gemu yenye kipimo chake cha ndani, kama GTA V, ni bora zaidi kwa sababu kila jaribio linapita njia ile ile. Dakika mbili hazitoshi, maana joto huchukua muda kupanda. Andika namba kwenye karatasi, kisha uzisome hivi.

Kadi ikiwa asilimia 95 hadi 99 muda wote na masafa yake yametulia, inafanya kazi yote inayoweza. FPS unayoiona ndiyo nguvu yake kwa setingi hizo, isipokuwa kama kadi si ile uliyoambiwa. Kadi ikibaki 50 au 60 huku kiini kimoja cha prosesa kimegota juu, prosesa au RAM ndiyo inayoichelewesha. Kadi na prosesa zote zikiwa zimelegea na FPS imeganda kwenye 30, 60 au 75 kamili, kuna kikomo kimewashwa: V-Sync (inayofunga FPS kwenye mwendo wa monita), au kikomo cha fremu ndani ya gemu au kwenye draiva. Masafa ya kadi yakianza 1,800 MHz na baada ya dakika kumi yakashuka mpaka 1,200, nenda kwenye joto na umeme moja kwa moja.

Kuna jaribio jingine la dakika tano ambalo mafundi wengi hawalifanyi. Shusha mwonekano (resolution) kutoka 1080p hadi 720p, mengine yaache. FPS ikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. FPS ikibaki palepale, kadi haina kosa, na hata ukiweka ya bei mara mbili hutaona tofauti.

Kebo ya monita

Hili linachekesha mpaka likupate. Monita ikichomekwa kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), mara nyingi gemu hukimbia kwa grafiki ndogo iliyo ndani ya prosesa, na kadi mpya inabaki kupuliza feni bure. Windows 10 na 11 huweza kuitumia kadi kisha kupitisha picha kwenye mazabodi, kwa hiyo gemu nyingine zitacheza kiasi na nyingine zitakufa kabisa. Hali hiyo ndiyo inayowachanganya watu.

Huku kwetu sababu kubwa ni monita za mtumba zenye VGA (tundu la picha la aina ya zamani) peke yake. Kadi za NVIDIA kuanzia familia ya GTX 1000 na za AMD kuanzia RX 400 hazitoi tena mawimbi ya VGA. Mtu anaangalia nyuma ya kadi, haoni tundu la VGA, analiona la mazabodi, anachomeka hapo, na picha inakuja. Dawa ni kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, kile chenye saketi ndani yake. Kile kipande kidogo cha DVI kwenda VGA hakitasaidia, kwa sababu kadi hizi zina DVI-D isiyobeba mawimbi hayo.

Ukishachomeka kwenye kadi, fungua Settings, System, Display, kisha Advanced display, uangalie Hz (mara ambazo monita inabadilisha picha kwa sekunde). Windows hupenda kuanzia 60 hata kama monita inafika 75 au 144.

Sloti na njia za PCIe

Kama kompyuta nzima ilisafiri na kadi ikiwa ndani, ichomoe na uichomeke upya kabla ya kufanya lolote. Kadi nzito inayoning'inia kwenye sloti, ukaipitisha kona za Kitonga na matuta yote ya njiani, inaweza kulegea upande mmoja bila kutoka. Kompyuta itawaka, lakini kadi itakuwa inapumua kwa tundu moja la pua.

Fungua GPU-Z, programu inayosoma habari za kadi, tafuta mstari wa Bus Interface. Utaona maandishi kama "PCIe x16 3.0 @ x16 1.1": x16 ni idadi ya njia za data kati ya kadi na mazabodi, 3.0 ni toleo la njia hizo, na baada ya @ ni hali ya sasa hivi. Ile 1.1 isikutishe: kadi ikipumzika hushusha mwendo. Bonyeza alama ya kuuliza pembeni, washa jaribio dogo, kisha usome tena. Unatakiwa kuona x16 3.0 au zaidi. Ukiona x4 au x1, kuna jambo.

La kwanza ni sloti yenyewe. Mazabodi nyingi zina sloti mbili ndefu zinazofanana, ila ya chini ina njia 4 tu. Dell OptiPlex 7010, ambayo imejaa kwenye maduka ya mtumba, iko hivyo: sloti mbili ndefu, moja ndiyo yenye njia 16. Weka kadi kwenye ile iliyo karibu na prosesa. La pili ni uchafu kwenye meno ya kadi. Yasugue polepole kwa ufutio wa penseli, yapanguse kwa kitambaa chenye spiriti ya asilimia 90 au zaidi, subiri yakauke. Kwa kompyuta zilizokaa Tukuyu au Busokelo, ambako unyevu hauishi, usiiruke hatua hii. La tatu ni SSD (diski ya kasi) ya M.2 uliyoongeza siku moja na kadi: kwenye baadhi ya mazabodi inachukua njia za sloti au inazima matundu mawili ya SATA (ya kuchomekea diski). Kitabu cha mazabodi kinaeleza, na kinapatikana bure kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Kadi nyingine zimezaliwa na njia chache. RX 6600, RX 7600 na RTX 4060 zina 8, nazo hazikusumbui sana. RX 6500 XT ina 4 tu, na hapo pana mtego: kwenye PCIe 4.0 inatosha, lakini kwenye mazabodi ya B450, au ukitumia prosesa ya AMD ya Ryzen 5 5500 au 5600G ambazo zinaishia PCIe 3.0, upana wake unakatwa nusu. Kumbukumbu yake ya GB 4 ikijaa, gemu inaanza kushtuka. Punguza ubora wa textures (picha zinazofunika vitu kwenye gemu) mpaka matumizi ya kumbukumbu yashuke chini ya GB 3.5. Hakuna setingi nyingine itakayokuokoa, na kwa kompyuta za zamani hiyo si kadi ya kununua.

RAM iliyolala

RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3200 haikimbii 3200 kwa kuchomekwa tu. Inaanza kwa mwendo wa usalama, mara nyingi 2133 au 2400, mpaka uingie BIOS (menyu ya setingi za mazabodi kabla ya Windows kuwaka) uwashe XMP. Kwenye Asus za AMD imeandikwa DOCP, kwenye DDR5 za AMD ni EXPO. Ukisasisha BIOS au ukibadilisha prosesa, setingi hii kwa kawaida hurudi mwanzo, na ndiyo maana mtu hufunga prosesa bora na kupata FPS pungufu.

Hakiki kwa programu ya CPU-Z, ukurasa wa Memory. Namba ya DRAM Frequency izidishe kwa mbili: ukiona 1066, uko 2133, ukiona 1600, uko 3200. Palepale soma Channel. Ikiandika Single huku una RAM mbili, zimekaa sloti mbaya. Kwenye mazabodi ya sloti nne, RAM mbili hukaa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Anayetumia grafiki ya ndani ya prosesa, mfano 5600G bila kadi, hili kwake ni kubwa kuliko yote, kwa sababu grafiki hiyo haina kumbukumbu yake. Inakula kwenye RAM.

Ukichanganya RAM mbili tofauti, zote zinatembea kwa mwendo wa ile ya polepole. Na kabla hujalipia RAM ya bei, angalia mazabodi inaruhusu nini: mazabodi ya H310 inaishia 2666, ya H110 inaishia 2133 au 2400 kutegemea prosesa. RAM ya 3200 humo ni hela iliyolala. Ukishawasha XMP, pitisha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku mmoja. Ikitoa kosa hata moja, shusha mwendo hatua moja, mathalani kutoka 3200 hadi 3000.

Draiva za zamani

Aliyetoka AMD kwenda NVIDIA, au kinyume chake, asisakinishe draiva mpya juu ya ile ya zamani. Fanya hivi:

1. Pakua draiva mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji wa chipu na uiweke kwenye diski. Ni mamia ya MB, kwa hiyo tumia bando la usiku. Pakua pia Display Driver Uninstaller, inayojulikana kama DDU.
2. Zima Wi-Fi au hotspot ya simu. Ukiiacha, Windows itachomeka draiva yake katikati ya kazi.
3. Washa kompyuta kwa Safe Mode: shikilia Shift ukibonyeza Restart, kisha Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings.
4. Endesha DDU, ifute draiva za AMD na NVIDIA zote mbili, kila moja kwa zamu.
5. Kompyuta ikiwaka kawaida, sakinisha draiva mpya, iwashe upya, ndipo urudishe intaneti.

Baada ya hapo gemu itashtuka kwa muda unapoifungua mara ya kwanza. Inatengeneza upya mafaili ya shaders (maelekezo ya kuchora picha) yaliyofutwa pamoja na draiva. Usihukumu kadi kwa nusu saa hiyo ya kwanza.

Wenye kadi za zamani wajue kwamba familia za GTX 600 na nyingi za GTX 700 ziliishia kwenye mfululizo wa draiva wa 470, na NVIDIA imetangaza kuwa 580 ndio mfululizo wa mwisho kwa GTX 900 na GTX 1000. Gemu mpya ikigoma kwenye kadi hizo, usitafute kosa kwenye kebo.

Kama ulibadilisha mazabodi pia, hasa kutoka Intel kwenda AMD, futa Windows uiweke upya. Itawaka bila hivyo, ndiyo, lakini utahangaika na mabaki kwa wiki kadhaa kwa kazi ambayo ingekuchukua mchana mmoja.

Umeme

Hapa ndipo pesa nyingi za watu zinapotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Usiamini namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa pawasaplai. Tafuta kijedwali cha lebo, mstari wa +12V, uzidishe ampia kwa 12. Pawasaplai "ya wati 500" yenye ampia 18 kwenye 12V ina wati 216 za kulisha kadi na prosesa. Sasa linganisha na kadi: GTX 1650 ya kawaida inakula wati 75, GTX 1660 Super 125, RX 6600 132, RTX 3060 170, RX 580 185. Prosesa ongeza wati 65 hadi 120, na uache nafasi ya theluthi moja juu, maana kadi huruka kwa milisekunde chache kupita kiwango chake.

Kompyuta za ofisi za mtumba zina shida yake. OptiPlex 7010 ndogo ina pawasaplai ya wati 240, ile ya mnara ina 275, na hakuna waya wa kadi. Humo weka kadi ya wati 75 inayokula kwenye sloti peke yake, mfano GTX 1050 Ti au GTX 1650 isiyo na plagi. Ukitaka kubwa zaidi, badilisha pawasaplai, ila angalia plagi kwanza: OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zinatumia plagi ya pini 8 badala ya 24 za kawaida, hivyo utahitaji adapta ya pini 24 kwenda 8.

Adapta ya SATA kwenda pini 6 za kadi iache dukani. Plagi ya SATA ina pini tatu za 12V, kila moja ampia 1.5, jumla wati 54. Plagi ya pini 6 imepewa haki ya kuvuta 75. Plastiki huyeyuka, na kabla haijayeyuka kompyuta huwa inazima gemu ikipamba moto. Kadi yenye plagi mbili za pini 8 nayo ipewe waya mbili tofauti kutoka pawasaplai, si waya mmoja wenye vichwa viwili.

Jaribio la nyumbani: kwenye Afterburner shusha Power Limit hadi asilimia 70, ucheze tena. Kama kompyuta ilikuwa inazima au inajiwasha upya na sasa imetulia, pawasaplai imeelemewa. FPS itapungua kidogo tu, na unaweza kuendelea hivyo mpaka upate nyingine.

Umeme wa TANESCO unatakiwa kuwa volti 230. Nyumba zilizo mwisho wa laini, saa za jioni ambapo kila mtu anapika na kupasha maji, hushuka. Pawasaplai nzuri iliyoandikwa 100–240V haijali. Ya bei chee hutetereka, na dalili yake ni kompyuta kujizima jioni wakati mchana inacheza vizuri. Umeme mdogo kwa kawaida hauli FPS, huzima. Kwa hiyo ukiwa na FPS ndogo lakini kompyuta haizimi hata siku moja, usiilaumu TANESCO kwa hili.

UPS (betri ya akiba) ya VA 650 hutoa karibu wati 360 hadi 390. Kompyuta yenye RX 580 na monita, gemu ikikolea, iko karibu sana na kikomo hicho, na UPS itapiga kelele kisha ikate umeme ukikatika. Inatosha kuzima kompyuta kwa utaratibu. Kumaliza mechi, hapana.

Joto, na mwinuko wetu

Mbeya mjini ni takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa ni zaidi ya 1,500. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko Dar, kwa hiyo feni ikizunguka mara zile zile inabeba joto pungufu. Baridi ya hapa inalipa deni hilo, hasa Juni na Julai. Ndiyo maana kipozeo kilichofungwa vibaya kinaweza kukaa kimya Njombe mwaka mzima, kisha kompyuta ikihamia Kyela, au Oktoba ikifika, inaanza kuchemsha na watu wanailaumu kadi iliyofungwa majuzi.

Tumia HWiNFO, programu ya kusoma joto, fungua Sensors, cheza, kisha usome safu ya Maximum. Prosesa za Intel hujipunguza mwendo karibu na nyuzi 100, Ryzen 5000 kwenye 90 au 95 kutegemea modeli. Ryzen 7000 zimetengenezwa kufika 95 zikibanwa, kwa hiyo namba hiyo kwao si ugonjwa. Kadi nyingi za NVIDIA huanza kujishusha kwenye 83 au hapo karibu. Kwenye GPU-Z, mstari wa PerfCap Reason ukiandika Thrm, ni joto. Ukiandika Pwr wakati kadi imebanwa asilimia 99, imefika tu kikomo chake cha wati, jambo la kawaida.

Fungua ubavu wa kasha, ucheze tena dakika 15. Joto likishuka nyuzi 8 au zaidi, shida ni kasha kukosa pumzi: ongeza feni moja mbele ya kuingiza na moja nyuma ya kutoa. Lisiposhuka, angalia kipozeo. Vile vya Intel vya kubonyeza vina miguu minne, na mmoja kutoshika ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Bonyeza kwa mshazari, usikie kila mmoja ukilia. Pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo, iwe kiasi cha punje ya njegere katikati. Na ile karatasi ya plastiki chini ya kipozeo kipya itolewe. Bado inasahaulika.

Kuanzia Juni mpaka mvua zianze, vumbi la huku ni jekundu na jepesi, linaingia mpaka kwenye mapezi ya kipozeo. Puliza kila miezi miwili kwa blowa, ukiwa umeshikilia feni isizunguke. Kadi ya mtumba, hasa RX 580 ambazo nyingi zilitumika kuchimba sarafu za kidijitali, ibadilishiwe pesti siku ileile inapofika, bila kusubiri ichemshe.

Windows na diski, kwa haraka

Power plan iwe Balanced au High performance, isiwe Power saver. Memory integrity, iliyo ndani ya Core isolation, inapunguza FPS kwenye prosesa za zamani. Microsoft wenyewe wamesema mchezaji anaweza kuizima, ingawa ulinzi unapungua, kwa hiyo kama kompyuta hiyo ndiyo ya miamala ya benki, iache. Gemu iliyo kwenye hadidiski itashtuka kila ukiingia eneo jipya, hata kadi iwe ya namna gani. Ukiona Disk imefika 100 kwenye Task Manager wakati huo huo, hamishia gemu kwenye SSD.

Wenye Ryzen wanaoona picha na sauti vikikwama pamoja kwa sekunde moja au mbili mara chache kwa siku: AMD ilikiri mwaka 2022 kuwa chanzo ni fTPM (sehemu ya usalama ya prosesa), na dawa ni BIOS yenye AGESA (msimbo wa AMD ndani ya BIOS) 1.2.0.7 au mpya zaidi. Usisasishe BIOS bila UPS, wala mvua ya radi ikinguruma. Umeme ukikatika katikati, mazabodi inaweza isiwake tena.

Mseto usioelewana

Prosesa ya Intel i5-3470 ina viini 4 na nyuzi (threads) 4. Ukiifunga na RX 6600, namba zitakuambia mapema: kadi asilimia 50, viini vyote vimegota. Kabla ya kutupa mazabodi, i7-3770 ya mtumba inakaa kwenye tundu lilelile na ina nyuzi 8. Haitaifikisha kadi kileleni, lakini mishtuko inapungua. Njia ya bure ni kuweka kikomo cha FPS 60 na kupandisha ubora wa picha, ili kadi ifanye kazi zaidi na prosesa ipumue.

Kadi za Intel Arc ni hadithi nyingine. Bila Resizable BAR, setingi inayoiruhusu prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi, zinaanguka vibaya, na setingi hiyo kwa kawaida inaanzia Intel kizazi cha 10 na Ryzen 3000. Kwenye BIOS zima CSM (hali ya kuwaka kwa mtindo wa zamani), washa Above 4G Decoding, kisha Re-Size BAR. Tahadhari: kama diski ya Windows ni MBR (mpangilio wa zamani wa diski), ukizima CSM haitawaka. Hifadhi mafaili yako kwanza, kisha igeuze kwa amri ya mbr2gpt. Kwenye OptiPlex za zamani usijaribu kabisa.

Ikibainika kadi ndiyo yenye kosa

GPU-Z ikiandika [FAKE] mbele ya jina, umeuziwa kadi ya kale iliyobadilishwa BIOS. GTX 1050 Ti za namna hiyo zimeenea. Kuna na udanganyifu wa nusu: RX 580 halisi ina Shaders (viini vya kadi) 2304, ile ya 2048SP ina 2048. GTX 1060 ya GB 6 ina 1280, ya GB 3 ina 1152. GT 1030 yenye DDR4 ni dhaifu kupita kiasi ukilinganisha na ya GDDR5, na kwa macho zinafanana kabisa. Soma mstari wa Memory Type.

Kabla ya kuirudisha, ifunge kwenye kompyuta nyingine yenye pawasaplai inayoaminika, ya rafiki au ya fundi, urudie kipimo kilekile. Ikifanya vibaya na huko, piga picha za GPU-Z, za namba za Afterburner wakati wa gemu, na za namba ya utambulisho (serial number) iliyobandikwa nyuma ya kadi, umtumie muuzaji kwa WhatsApp kabla mzigo haujaondoka. Kadi isisafiri ndani ya kasha la kompyuta. Ifunge kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, uizungushie sponji pande zote, iingie kwenye boksi gumu, na risiti ya basi uipige picha ikionyesha namba ya gari.